Kafi la Yunisi Lisiguswe

Tabita mwanangu,

Salamu tutapeana kesho asubuhi kwenye gari, kwa hiyo hapa sizianzi. Wala sitakuandikia habari za sabuni, dawa ya malaria na karatasi za kuvukia mpaka. Mama yako mkubwa amekuimbia hayo wiki nzima, na ukiyasahau atakuimbia tena kwa simu. Mimi nina jambo moja tu, na limenishinda kulisema kwa mdomo kwa sababu kila nikitaka kulianza, Yunisi yuko pembeni yako.

Hata sasa uko kwao. Mmekaa kwenye mkeka mnasukana nywele za safari, na vicheko vyenu vinanifikia hapa barazani. Baba yake naye namsikia, maana Yoramu hajawahi kusema kitu kwa sauti ya mtu mmoja. Jua bado kali, na joto la Kamsamba unalijua, hata karatasi inanata mkononi. Nikimaliza nitaitia barua hii chini kabisa ya begi lako, chini ya kitenge cha mama yako, uikute ukishafika Zambia, mahali ambapo huwezi kunigeukia na maswali.

Naomba usimsomee Yunisi.

Unajua kwamba na mimi niliwahi kushindana huko unakokwenda. Nimekuambia nilipiga kafi Chambeshi, nimekuambia mto ule ni mpana na mpole kwa macho, na nimekuambia sikushinda. Hapo huwa nageuza mazungumzo. Yaliyobaki umeyasikia kwa watu, nusunusu, kwa kicheko. Leo yasikie kwangu.

Wakati ule daraja la Momba halikuwepo. Mto ukijaa, aliyetaka kuvuka alivushwa na sisi, na mimi nilikuwa mvushaji. Nilirithi mtumbwi wa babu yako na kafi lake, kafi la mninga, refu kunipita, mahali pa kushika pamelainika kwa viganja vyake. Yoramu alikuwa anavusha watu kwenye kivuko kilekile. Alikuwa na nguvu, simnyimi, ila alikuwa anachoka haraka kwa sababu hakuacha kuongea. Mashindano yalipotangazwa upande wa pili, tukaenda wote wawili, kama mnavyokwenda nyinyi kesho. Tukapanda gari hadi Tunduma, tukavuka Nakonde, tukalala kwa ndugu zetu wa kule, kila mtu na kafi lake, mitumbwi tukapewa hukohuko. Zawadi ya mshindi ilikuwa mashine ya boti. Mvushaji mwenye mashine hapigi tena kafi mpaka mabega yawake moto. Na mimi nilikuwa nimeshamwambia mama yako kwamba nitarudi nayo.

Mashindano yalikuwa ya siku mbili, na siku ya kwanza niliwaacha wote. Sijisifu, waulize wazee. Nilifika kwenye kijiji cha kulala nikavuta mtumbwi juu, nikanawa, nikakaa, ndipo mtumbwi wa pili ukatokea kwenye kona, na ndani yake alikuwa Yoramu. Wabemba wa pale wakatupokea vizuri, "Mwaiseni, mwaiseni," yaani karibuni, wakatupa nshima, ugali wao, na samaki wadogo. Asubuhi yake wote tungeanza upya kwa filimbi moja, lakini kila mtu pale alijua mashine ni ya nani. Mzee mmoja alishaanza kuniuliza nitaisafirishaje.

Nikaegemeza kafi langu ukutani, nje ya kanisa tulilopewa kulala. Mtu mwingine yeyote angelala nalo. Mimi sikuona haja, maana wa kulichukua pale alikuwa mmoja tu, na huyo ni mtani wangu.

Wewe umekulia humuhumu, huhitaji kufundishwa utani. Ukoo wa kina Yoramu na wetu wanataniana tangu huko nyuma, wanazikana, wanachukuliana vitu. Mtani akichukua chako hujaibiwa. Unamtafutia kuku, unakikomboa, watu wanacheka, yameisha. Ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa, na wazee watakuita. Ukikichukua kwa nguvu umevunja kitu ambacho hukukitengeneza wewe. Ndivyo nilivyolelewa.

Asubuhi kafi halipo. Yoramu amekaa juu ya mtumbwi wake anapiga mswaki na kijiti.

"Mtani," akaniambia, "nasikia kuna mtu amepotelewa."

"Lete bwana, muda umekwisha."

"Lete kuku."

"Yoramu, tuko ugenini. Nitakupa nyumbani, nitakupa hata wawili."

"Aa, mtani. Kwani wewe siku hizi unakopa utani?"

Watu wote wa kwetu waliokuja kutushangilia wakacheka. Na mimi, mwanangu, nikacheka. Mwenyeji mmoja alikuja na kafi lake la akiba, akaniwekea mikononi. Nikamrudishia. Niliona nikipanda mtumbwi bila kukomboa kafi la baba, nitakuwa nimemkataa mtani mbele ya watu, na nyumbani watasema Lazaro alipoona mashine ya boti akasahau ukoo wake. Nikaenda kutafuta kuku.

Kijiji kile kuku wake walikuwa wamekufa kwa mdondo. Sikujua. Kila mlango niliobisha walinionyesha banda tupu na kunipa pole. Mwisho nikampata bibi mmoja mwenye tetea aliyelalia mayai. Hakutaka, na alikuwa na haki. Nikavua shati langu, shati zuri la kanisani, nikampa. Nikarudi mtoni nikikimbia, kifua wazi, tetea kwapani ananidonoa mkono.

Ufuko ulikuwa mtupu. Mitumbwi ilishapita kona. Kafi langu lilikuwa limesimikwa kwenye mchanga, wima, linaningoja.

Hapo ningeweza kumwachia yule kuku na kupanda zangu. Unaona? Kafi nilikuwa nalo tayari. Lakini kichwani mwangu deni la utani lilikuwa halijalipwa, kwa hiyo nikamfunga tetea miguu, nikamweka mbele ya mtumbwi, nikapiga kafi mchana kutwa na kuku. Niliwapita wengi. Mikono iliniuma hadi nikawa siisikii. Lakini mtu huwezi kuwapa watu asubuhi nzima halafu ukaidai jioni. Nilifika mwisho wa safari Yoramu ameshavikwa taji la majani, mashine iko miguuni pake, na umati ukaona mtumbwi unakuja na mwanamume asiye na shati na kuku anayelia.

Yoramu aliingia majini hadi magotini. Akamchukua yule kuku, akamwinua juu watu wamwone, akasema, "Asante, mtani. Nilijua hutaniangusha."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Na mimi nikacheka tena.

Basi, tangu siku ile mimi ni Baba Kuku. Ulipokuwa mdogo ulisikia wakiniita hivyo sokoni ukadhani ni kwa sababu tunafuga. Yoramu akaweka mashine kwenye boti, na nani angekubali kuvushwa na mtu anayetweta wakati kuna boti inayonguruma? Mtumbwi wa babu yako ukakaa ukingoni mpaka ukapasuka kwa jua. Nikaenda kwenye mpunga. Daraja lilipofunguliwa na boti yake ikakosa abiria, mimi nilifurahi kuliko waliolijenga. Nililivuka kwa miguu nikarudi, nikalivuka tena, bila safari yoyote.

Mama yako alinipokea na mikono mitupu, akaolewa na mimi hivyohivyo. Hadithi ya kuku aliisikia kila harusi na kila kipaimara, maana Yoramu hakuacha kuisimulia, na alikuwa anaiongezea chumvi. Watu wote walicheka. Mama yako hakucheka hata siku moja. Alikuwa anainama na kuokota kitu chini, hata kama hakuna kitu. Nilimpenda kwa mengi, lakini kwa hilo nilimpenda zaidi.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Siku tulipomzika mama yako, wewe ulikuwa mdogo, umevaa sare ya shule kwa sababu gauni jeusi halikupatikana. Yoramu alishuka kaburini kabla ya jeneza. Ni kazi yake, mtani ndiye hufanya hivyo ili wafiwa wapate kupumua. Akalala mle ndani chali, akakunja mikono, akasema, "Simpishi mtu hapa mpaka mume wa marehemu alete kuku. Ila jamani msimtume mwenyewe, tutazika keshokutwa."

Watu waliokuwa wanalia walicheka huku machozi yanawatoka. Na mimi, nimesimama pembeni ya mama yako, nikacheka. Mdomo ulifunguka wenyewe, ulishazoea. Ukanivuta koti. Ukaniuliza, "Baba, unacheka nini?"

Sikukujibu siku ile. Jibu ni kwamba nilikuwa namchukia mtu yule kiasi cha kushindwa kusimama vizuri, na njia pekee niliyofundishwa ya kusimama mbele yake ilikuwa kucheka. Hilo ndilo kosa langu, Tabita. Kwenda kutafuta kuku ulikuwa ujinga wa kijana. Lakini kucheka, nimecheka maisha yangu yote, na kila nilipocheka nilimpa ruhusa ya kusema tena.

Baada ya msiba ule ndipo nilipochonga kafi lako la kwanza, lile fupi. Majirani walisema Baba Kuku anamliwaza mtoto. Hapana. Nilikuwa natengeneza silaha. Kila asubuhi niliyokuamsha twende Momba kabla ya shule, ukinung'unika kwamba maji ni ya baridi, nilikuwa naona mgongo wa Yoramu unapotelea kwenye kona ile. Nilipokukaripia kwa kugeuza kafi vibaya, nilikuwa namkaripia yeye. Mara nyingine ulilia nikajifanya sioni. Hayo najua hukuyastahili. Ustadi ulionao ni wako, umeutoa kwenye mifupa yako mwenyewe. Moto ndio wangu.

Kisha Yunisi akaanza kutufuata mtoni. Ulidhani nilimkubali kwa wema. Nilimkubali ili nimjue. Namjua sasa. Akichoka huhamia upande wa kulia na kusahau wa kushoto, na mtumbwi unaanza kupepesuka. Hapendi ukimya, ukikaa pembeni yake bila kusema kitu anaharakisha mpaka anajimaliza. Anageuka nyuma mno. Nimeyaweka moyoni hayo kwa miaka, nikimkaribisha uji. Ni mtoto mzuri, ana mikono ya baba yake na hana mdomo wake. Nilijaribu kumchukia nikashindwa, nikaona nimchukie Yoramu mara mbili.

Barua hii niliianza kichwani tangu majina yenu yaliposomwa. Ilikuwa fupi. Ilikuwa inasema hivi: mtalala njiani, kama tulivyolala. Yunisi ni mtani wako kwa kuzaliwa. Akishasinzia, chukua kafi lake, mwambie alete kuku. Hakuna mzee atakayekulaumu. Nilishaiona sura ya Yoramu akiwa amesimama kwenye mstari wa mwisho, anamngoja bintiye, hatokei. Picha ile imenilisha kama ugali.

Leo mchana, ulipokuwa umekwenda kuaga kanisani, Yoramu alipita hapa. Alikuja kuazima pampu ya baiskeli. Akasimama pale kwenye ngazi.

"Mtani, bado unapumua?"

"Napumua. Ulitaka nikupe kazi ya kuchimba?"

"Taratibu, siku yako haipotei." Akacheka. Halafu akapunguza sauti, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya. "Mwambie Tabita alale na kafi lake. Yunisi ana damu yangu."

"Na wewe mwambie Yunisi alale na lake," nikamjibu.

Tabita, mtu yule aliangaza uso. Alifurahi! Akanipiga bega, akasema, "Sasa hayo ndiyo maneno, mtani. Siku zote nakungoja unilipe. Unalipaga lini wewe?" Akaondoka na pampu yangu akiimba.

Nimekaa hapa tangu wakati huo. Nimeelewa kitu nilichopaswa kukielewa zamani. Yoramu anataka tumwibie. Miaka yote hii anasimulia, anachokoza, ananingoja nichukue cha kwake, ili wizi wake ule wa asubuhi uwe mchezo wa watu wawili. Nikilichukua kafi la binti yake, yeye ndiye atakayecheka kuliko wote. Ataisimulia harusini, na safari hii atanikumbatia. Tutakuwa sawa. Mimi sitaki tuwe sawa na Yoramu. Sikubali kumpa zawadi hiyo.

Kwa hiyo nimeichana ile barua ya kichwani, na ninakuagiza hivi. Kafi la Yunisi lisiguswe. Mkifika pa kulala, chukua makafi yote mawili, lako na lake, uyalalie. Asubuhi mpe lake mkononi, mbele ya watu. Akikosa maji ya kunywa, mgawie. Mtu akimfanyia hila yoyote, wewe uwe wa kwanza kupiga kelele, gombana na waandaaji mpaka filimbi ingoje. Nataka aanze sawa na wewe, ameshiba, amelala, hana jeraha wala kisingizio. Nataka kusiwe na kitu chochote ambacho baba yake anaweza kukigeuza kichekesho.

Halafu mshinde.

Usimshinde kidogo. Kaa pembeni yake asubuhi, usiseme neno, mwache aharakishe. Jua likipanda ataanza kuhamia kulia. Hapo ndipo uondoke, na ukiondoka usigeuke. Atakuita, najua atakuita, amekuzoea. Usigeuke. Akipinduka, hapo ni jambo lingine, mto ule una mamba na mimi si mnyama, rudi umvute, mrudishe kwenye mtumbwi wake, mngoje akae sawa. Kisha mshinde.

Najua unampenda. Najua ukisoma hapa unakunja uso kama mama yako na unasema moyoni kwamba haya ni ya wazee. Ni kweli. Sikuwahi kukuuliza kama unaitaka chuki yangu, nilikutwika tu ukiwa mtoto. Ukiona ni nzito, itupe kwenye Chambeshi, sitakuuliza imekwenda wapi. Ila itupe baada ya kumaliza. Itakusaidia pale mabega yatakapoanza kukataa, ninaifahamu kazi yake.

Na ukishindwa, rudi nyumbani. Usikae Tunduma kuogopa uso wangu. Nitanuna, sikufichi, na mpunga nitaupalilia kwa hasira, lakini chakula chako kitakuwa mezani, na atakayekucheka hatakaa barazani kwangu, awe mtani awe nani. Hilo nimelichelewesha sana. Ningelisema pale makaburini.

Sasa nasikia mnaagana. Unakuja na nywele zako mpya na mimi nitazisifia, kwa hiyo nifunge.

Yoramu ni mdogo kwangu na hajawahi kuugua hata mafua. Yeye ndiye atakayenizika, hilo halina ubishi, na siku hiyo atashuka kaburini kwangu kama alivyoshuka kwa mama yako. Usimzuie, ni haki yake. Watu watanyamaza, watamngoja aseme. Nataka alale mle chali, akunje mikono, afungue mdomo, akuone wewe umesimama ukingoni, na akose la kusema.

Baba yako,
Lazaro